Kutoka Mylapore hadi Baba Budangiri: nikifuata kahawa ya kuchuja

Jumamosi, Mylapore, Chennai

Mafunzo ya kazini yaliyonileta huku yamekwisha jana, na ndege ya kurudi Dar es Salaam ni ya wiki ijayo. Wenzangu wamepanda treni kwenda kuiona Taj Mahal. Mimi nimebaki kusini kwa ajili ya kahawa. Nikiwaambia hivyo wanacheka, maana kwao India ni nchi ya chai. Kaskazini, sawa. Huku Tamil Nadu na Karnataka asubuhi haijaanza mpaka kahawa inywewe.

Mwenye nyumba ninakopanga ni mama wa miaka sitini na kitu. Mtaa mzima humwita Amma, nami humwita hivyo hivyo. Huamka saa kumi na moja alfajiri, anafagia mbele ya mlango na kuchora kolam kwa unga wa mchele. Huu ni mwezi wa Margazhi wa kalenda ya Kitamil, kwa hiyo michoro ya wanawake wa mtaa ni mikubwa kuliko kawaida, na mpita njia inabidi aangalie anapokanyaga. Akimaliza anaingia jikoni, nami leo nimeruhusiwa kuingia naye.

Chujio lenyewe halina hata skrubu moja. Ni vikopo viwili vya chuma cha pua, kimoja kimekaa juu ya kingine. Cha juu kina matundu madogo madogo kitakoni. Amma anatia humo vijiko vitatu vya unga wa kahawa vilivyojaa, anaulaza kwa kisahani chenye matundu na kijiti cha kushikia, anausindilia kidogo tu, anamimina maji yaliyochemka, anafunika. Kuanzia hapo ni kusubiri. Maji hushuka tone kwa tone kwa robo saa au zaidi. Ukiusindilia unga sana, hayashuki; ukiuacha legelege, yanakimbia na kutoka mepesi. Kinachokusanyika kikopo cha chini wanakiita dikakshani: cheusi, kizito, kichungu haswa.

Nikaomba niionje peke yake. Amma akanipa kijiko kwa uso wa mtu anayemnywesha mtoto dawa ya minyoo.

"Kwetu tunakunywa hivi hivi," nikamwambia.

"Bila maziwa?"

"Bila maziwa, Amma. Na sukari pia hatutii."

"Kwani nani anaumwa?"

Maziwa ndiyo nusu ya shughuli, tena zaidi ya nusu. Yanachemshwa yakiwa mabichi ya asubuhi, bila tone la maji, kisha dikakshani inatiwa kidogo, maziwa yanajaza, sukari inafuata. Kahawa hii huwezi kuikoroga kwa kijiko mbele ya Amma. Humiminwa kutoka kikombe kirefu kisicho na mkono, wao husema tambla, kwenda kwenye bakuli dogo lenye kingo pana, dabara, kisha inarudishwa, mara nne au tano, mpaka povu lisimame na moto upungue kiasi cha ulimi kuvumilia.

Jambo moja nimelitazama asubuhi zote nilizokaa hapa. Dikakshani ya kwanza ni ya mume wake, anayeinywa na gazeti la The Hindu mkononi, na ya mgeni, yaani mimi. Amma hupitisha maji mara ya pili katika unga uleule na kunywa hiyo nyepesi. Leo nikamwomba tubadilishane. Akakataa, tena kwa ukali.

Jioni tulikwenda duka la kusaga, mitaa miwili kutoka hekalu la Kapaleeshwarar. Harufu hukukuta kabla hujakata kona. Buni hukaangwa palepale, na muuzaji huuliza mambo mawili: buni gani, na chikori kiasi gani. Wengi hutaka buni ya punje moja, ile ambayo tunda limezaa mbegu moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Chikori ni mizizi iliyokaangwa na kusagwa. Haina kafeini, lakini huipa dikakshani rangi na uzito, na kuifanya isizamishwe na maziwa. Amma huchukua kahawa 80 kwa chikori 20. Jirani yake huchukua 60 kwa 40, na Amma anasema hiyo si kahawa, ni mizizi. Alisema hivyo jirani akiwa amesimama hapo hapo.

Jumapili, Chennai

Desemba hapa ni msimu wa muziki wa Karnatik, muziki wa jadi wa kusini mwa India. Kumbi za mji mzima hupiga muziki kutwa, mashuhuri kuliko zote ikiwa ya Music Academy, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1928. Kila ukumbi una kantini yake ya msimu, na gazetini watu hujadili kantini gani imefanya vizuri mwaka huu kwa uzito uleule wanaojadili waimbaji.

Kuna utani wa mjini ambao leo nimeuona kwa macho. Katikati ya onyesho, mwimbaji na mpiga fidla hunyamaza, mpiga mridangam, ngoma ya huku, akaachiwa jukwaa peke yake. Ni saa yake ya kuonyesha maarifa. Papo hapo safu nzima za wazee ziliinuka, shali mabegani, kuelekea kantini. Nikawafuata. Foleni ilikuwa ndefu, na kahawa ilitoka moto wa kuchoma vidole, maana tambla ya chuma haina huruma. Mzee aliyekuwa mbele yangu alinionyesha namna: unashika kwa ncha za vidole kwenye ukingo uliokunjwa kwa nje, unainua tambla juu ya kinywa, unamimina bila midomo kugusa chombo. Mzee hakudondosha hata tone kwenye shati lake jeupe.

Uzuri wa mnywo huo una upande wake wa pili. Chombo kilichoguswa na mate ya mwingine, katika desturi ya Wabrahmin wa huku, tabaka la juu la Wahindu, ni najisi. Kumimina kutoka juu kunaliepuka hilo. Na kahawa ilipoingia miji ya Tamil, ilishika kwanza nyumba za Wabrahmin na watu wa ofisi. Chai ikawa ya vibarua, ya wapagazi, ya mitaa ya Waislamu. Mikahawa mingi iliyouza kahawa ilikuwa na sehemu ya Wabrahmin na sehemu ya wengine, na neno "Brahmin" lilipigwa rangi kwenye kibao cha mlangoni kama cheti cha usafi. Mwaka 1957 wafuasi wa Periyar E. V. Ramasamy, mpinzani mkubwa wa matabaka, waliandamana mbele ya mkahawa mmoja wa mtaa wa Triplicane kupinga neno "Brahmin" kwenye kibao chake. Wengi walikamatwa.

Jioni nilipita Triplicane kwa miguu. Chai kila kona karibu na msikiti wa Wallajah, kahawa kila kona karibu na hekalu la Parthasarathy, na katikati vibanda vinavyouza vyote viwili. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Ila mwanafunzi mmoja wa sheria niliyekaa naye kwenye benchi alinikumbusha kwamba katika vijiji vingine vibanda viliendelea kuweka vyombo vya aina mbili, vya Wadalit, watu waliowekwa chini ya matabaka yote, mbali na vya wengine, miaka mingi baada ya katiba ya 1950 kuupiga marufuku ubaguzi huo. "Ukitaka kujua habari za kijiji," alisema, "usiulize wanakunywa nini. Uliza vikombe vinaoshwa na nani."

Nikakumbuka vijiwe vya kahawa vya Kariakoo: vikombe vya sini, ndoo moja ya maji, kila mtu anakunywa, kinasuuzwa, anapewa anayefuata, awe hamali au mwanasheria. Usafi wa ndoo ile una maswali yake, sikatai. Na wanawake hawakai kijiweni. Kila kahawa na mlango wake.

Jumatatu, kwenda Kumbakonam

Treni ya asubuhi kutoka stesheni ya Egmore. Nilichagua dirisha la kushoto. Baada ya Villupuram reli inasogea upande wa bahari, Cuddalore, Chidambaram, Mayiladuthurai, kisha mashamba ya mpunga ya delta ya mto Kaveri, kijani mpaka macho yanachoka.

Wachuuzi hupita behewani wakiita "kaapi, kaapi". Kilichomo kwenye debe lao siku hizi ni unga wa kuyeyuka kwenye kikombe cha karatasi. Nilikunywa kimoja. Tusikizungumzie.

Jumanne, Kumbakonam

Mji wa mahekalu, wa majani ya tambuu na wa shaba. Jina lake liko kwenye vibao barabara kuu zote za Tamil Nadu: ukitoka Chennai kwenda kusini kwa gari utakuta vibanda mfululizo vimeandikwa "Kumbakonam Degree Coffee", vingine na tambla kubwa ya bandia juu ya paa. Digrii hiyo, kwa maelezo ya wengi, ni ya kipimo cha maziwa: yaliyofaulu laktometa, yasiyotiwa maji. Wapo wenye maelezo tofauti, na ubishi wao ni burudani tosha.

Mkahawa nilioingia uko mtaa mwembamba karibu na bwawa la Mahamaham, lile ambalo mahujaji hujazana kuoga kila baada ya miaka 12. Hapa tambla na dabara ni za shaba ya njano, zimesuguliwa kwa ukwaju mpaka zinang'aa. Mpishi wa kahawa amesimama nyuma ya vyombo vitatu: chujio la shaba kubwa kama ndoo ndogo, sufuria ya maziwa isiyozimwa, na mtungi wa maji moto. Hutia dikakshani bila kupima, hutia maziwa, kisha hunyoosha mikono yote miwili, mmoja juu ya kichwa na mwingine kiunoni, na kahawa ikanyooka kati yao. Wateja wa kila siku hawainui hata macho.

Na ladha? Nitasema wazi, ingawa Amma atanichukia: hii ndiyo bora niliyokunywa, na sababu yake ni maziwa. Yalikuwa ya ng'ombe wa kijiji, yaliyokamuliwa alfajiri, matamu yenyewe kabla ya sukari. Kahawa ilikuwa ya kawaida. Nilimuuliza mpishi buni zinatoka wapi, akanyoosha kidole magharibi, "kule milimani", akaendelea na kazi. Kwenye delta hii haumei mbuni hata mmoja. Sifa za Kumbakonam ni sifa za ng'ombe na za mkono wa mpishi.

Nilikunywa ya pili. Mwanamke mmoja aliingia peke yake, mwalimu kwa namna alivyobeba madaftari, akaketi meza ya katikati, akanywa, akalipa, akaondoka. Hakuna aliyegeuka. Nimelitia hili daftarini kwa sababu niliyoiandika Jumapili, ya wanawake na vijiwe vya Kariakoo.

Saa moja usiku, treni ya kwenda Mysuru kupitia Bengaluru. Kitanda cha juu, baridi ya feni.

Jumatano, Bengaluru

Nimeshuka na mgongo umekakamaa. Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, anasoma hapa uhandisi, na alinipeleka moja kwa moja mtaa wa Basavanagudi, kwenye kijumba kinachoitwa Brahmin's Coffee Bar, kilichopo tangu 1965. Neno lile la Triplicane hapa liko kibaoni hadi leo. Chini yake, barabarani, umati umesimama na sahani za idli, vikate vya mchele vya mvuke, mikononi: madereva wa bajaji, vijana wa kompyuta wenye vitambulisho shingoni, wazee wa matembezi ya asubuhi, mimi na mdogo wangu. Viti hakuna. Unakula umesimama na jirani ambaye hukumchagua. Nilitaka kujua wengine wanakichukuliaje kibao kile, mdogo wangu akasema, "Kaka, watu wamekuja kwa ajili ya chatini."

Bengaluru ina desturi ambayo ningependa tuihamishie kwetu bila kulipa ushuru: bai-tu. Watu wawili wanaagiza kahawa moja, mhudumu anaigawa katika vikombe viwili bila kununa, wanalipa moja. Wala si umaskini. Niliwaona mameneja wakifanya hivyo. Mtu anataka kisingizio cha kukaa dakika kumi na mwenzake, hana haja ya kikombe kizima.

Mchana tukakaa Indian Coffee House ya Church Street. Wahudumu wamevaa sare nyeupe na vilemba vyenye kishungi, makoti yenye mikanda mipana, vikombe vya kauri vizito. Mikahawa hii ilikuwa ya Bodi ya Kahawa ya serikali. Bodi ilipoamua kuifunga miaka ya 1950, wafanyakazi, wakihimizwa na mwanasiasa wa Kikomunisti A. K. Gopalan, waliunda vyama vya ushirika na kuichukua wenyewe. Ushirika wa kwanza ulikuwa wa hapa Bengaluru, 1957, mwaka uleule wa maandamano ya Triplicane. Kahawa yenyewe ni ya wastani, nami sikuona sababu ya kujifanya vinginevyo. Anayekuja hapa anakuja kukaa. Mhudumu mmoja mzee aliniambia yeye ni mwenye hisa na mfagizi pia, inategemea saa.

Alhamisi, njiani

Basi la Karnataka kwenda Chikkamagaluru kupitia Hassan, mwendo wa saa tano kasoro. Nimelala njia nzima.

Ijumaa, Chikkamagaluru

Milima, hatimaye. Karnataka hutoa takribani asilimia 70 ya kahawa yote ya India, na wilaya hii ndiyo mama yake. Nimepata chumba kwa familia yenye shamba. Mwenye shamba, mzee mrefu mwenye sweta la sufu, tumeelewana kwa jina la Uncle.

Desemba ni wakati wa kuchuma arabika. Tulitembea asubuhi kwenye kivuli kizito. Mibuni hapa haioni jua kali. Juu yake kuna msitu mzima. Nikashika shina moja, nikaangalia majani, nikacheka. Ulikuwa mgrevilea, mti uleule unaotia kivuli kahawa ya Machame kwa babu yangu mzaa mama, nao wote ni wageni kutoka Australia. Tofauti ni kwamba hapa kila mgrevilea umepandishiwa mpilipili manga, hivyo mti mmoja unalipa mara mbili. Babu angeiona hesabu hiyo angekasirika kwamba hakuna aliyemwambia mapema.

Wachumaji ni wanawake wengi, wenyeji na wengine waliotoka mbali, hata Assam. Wanachuma tunda jekundu tu, kikapu kiunoni. Kisha yanabambuliwa, yanaoshwa, yanaanikwa uwanjani. Uncle alilalamikia mambo yale yale ninayoyasikia Moshi: vibarua adimu, mvua haijui tena mwezi wake, vijana wako Bengaluru. Sehemu kubwa ya kahawa ya India siku hizi ni robusta, alisema, kwa sababu arabika inadeka.

Nilimtajia KP423, aina ambayo wakulima wa Kilimanjaro wa umri wa babu wanaijua vizuri. Akasimama. "Hiyo ni Kent," akasema. Mwaka 1911 mlowezi wa Kiingereza aliyeitwa Kent, kwenye shamba la Doddengudda katika himaya ya Mysore, aligundua mibuni iliyostahimili kutu ya majani wakati mingine inapukutika. Kutu hiyo ilikuwa imekwisha kuiangusha kahawa ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, ilikoonekana 1869, mpaka kisiwa kikahamia chai. Mbegu za Kent zilisambaa, zikafika Tanganyika, na huko ndiko ilikochaguliwa KP423. Baadaye kutu iliizoea, na kwetu chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikaongezea. Kumbe kihamba cha Machame kina mibuni yenye babu yake huku huku. Uncle alimwita mkewe aje asikie, na tukarudia mazungumzo yote tangu mwanzo.

Baada ya hapo mkewe alileta kahawa ya sukari guru, nyeusi, bila tone la maziwa. Hivyo ndivyo wanavyoinywa wenyewe jioni wakitoka shambani. Nilinyamaza kwa heshima ya Amma.

Jumamosi, Baba Budangiri na mjini

Barabara inapanda kwa kona ambazo dereva alizikata huku akiongea na simu. Juu kuna pango la Baba Budan. Masimulizi yanasema sufi huyu, akirudi kutoka Hija karne ya 17, alipitia bandari ya Mocha huko Yemen na kuficha mbegu saba za kahawa, maana mbegu zenye uwezo wa kuota zilikuwa hazitolewi. Alizipanda kwenye milima hii, na kutoka pwani ya Malabar Waholanzi wakazipeleka Java mwishoni mwa karne hiyo. Mocha ni bandari iliyouza kahawa bahari nzima hii, na majahazi yetu yalipita huko huko.

Pango linaheshimiwa na Waislamu kama mahali pa Baba Budan, na Wahindu kama kiti cha mungu wao Dattatreya, na kesi ya nani ana haki gani imezunguka mahakamani miaka mingi. Desemba, siku za Datta Jayanti, sikukuu ya Dattatreya, polisi huwa wengi kuliko mahujaji. Leo palikuwa shwari. Nilivua viatu, nikaingia, nikatoka. Mlinzi aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, akaniuliza kama nimekuja kwa dua au kwa kahawa. Nikamjibu kahawa. Akasema wengi siku hizi hujibu hivyo.

Mjini nikaingia duka la kusaga. Kijana wa dukani akauliza: asilimia ngapi ya chikori?

"Usitie."

"Sir, maziwa yataimeza."

"Natia tangawizi. Maziwa sitii."

Akamwita baba yake kutoka nyuma. Baba akasikiliza, akauliza kama ni ushauri wa daktari, kisha akauliza nainywa na nini. Nikamweleza kashata: karanga, sukari iliyoyeyushwa, inakatwa vipande. Uso ukamfunguka. Akafungua mtungi wa kioo kwenye kaunta na kunipa chikki, karanga kwa sukari guru, kashata kasoro jina. Wao huila mchana na watoto. Kahawani wanakula vitu vya chumvi na pilipili, na kuweka tamu juu ya tamu, alisema, ni kukosa adabu kwa kahawa.

"Lakini yangu haina sukari," nikamwambia.

Akafikiri kidogo. Kisha akamwambia mwanawe asage nusu kilo tupu kama nilivyotaka, na robo nyingine ya 80 kwa 20 "kwa wageni watakaokuja nyumbani kwake na akili timamu", na kwamba hiyo ya pili nisiilipie.